Paddy Chayefsky: Mwandishi wa filamu aliyekataa maneno yake yaguswe

Na Mwandishi Wetu

KATIKA historia ya Tuzo za Oscar, ni mwandishi mmoja tu aliyetwaa mara tatu tuzo ya muswada wa filamu bila kugawana na mwandishi mwenzake. Huyo ni Paddy Chayefsky, mzaliwa wa Bronx, New York, aliyejipatia jina kwa kuandika michezo ya televisheni, akahamia kwenye senema, kisha akaigeukia televisheni ile ile iliyomlea na kuishambulia kwa filamu ya Network ya mwaka 1976.

Wengine waliofikisha tuzo tatu za uandishi, akiwamo Billy Wilder, Charles Brackett, Francis Ford Coppola na Woody Allen, wote wana angalau moja waliyoipata kwa kazi iliyoandikwa na zaidi ya mtu mmoja. Chayefsky alizipata zote kwa kalamu yake mwenyewe: Marty (1955), The Hospital (1971) na Network.

Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka mtu afahamu mwandishi anavyotazamwa katika biashara ya filamu ya Marekani. Mwandishi wa tamthilia ya jukwaani mjini New York hubaki na hakimiliki ya kazi yake, na mwongozaji haruhusiwi kubadili sentensi bila ridhaa yake. Mwandishi wa filamu kwa kawaida huandika kama mwajiriwa. Studio hununua muswada pamoja na hakimiliki, na ikiona haifurahii ilichokinunua, humkabidhi mwandishi wa pili, wa tatu na hata wa sita aurekebishe. Mwenye kazi anaweza kujikuta ameketi senema kama mtazamaji mwingine yeyote, akitafuta sentensi zake.

Chayefsky alifanya kazi katika nyanja zote mbili, na akaamua kuidai Hollywood masharti ya jukwaani. Alikuwa mbishi, mwenye maneno mengi na mwepesi wa kukasirika, na si wote waliofanya naye kazi waliotamani kurudia. Hata hivyo ni vigumu kuiona Network ikiandikwa na mtu mpole.

Alizaliwa Januari 29, 1923 na kupewa jina la Sidney Aaron Chayefsky, mtoto wa Wayahudi waliohamia Marekani. Alihitimu katika chuo cha City College of New York mwaka 1943 na muda mfupi baadaye akaingia jeshini. Jina la Paddy, ambalo kwa desturi ni la Waairishi, alilipata huko. Simulizi inayorudiwa ni kwamba aliamshwa alfajiri kwa zamu ya jikoni, akajitetea kuwa alipaswa kwenda Misa. Ofisa aliyemwamsha, akijua wazi kuwa askari huyo ni Myahudi, akamwita Paddy kwa dhihaka. Jina likamganda.

Nchini Ujerumani, karibu na mji wa Aachen, alijeruhiwa na bomu la kutegwa ardhini na kutunukiwa nishani ya Purple Heart. Akiwa anauguza majeraha nchini Uingereza aliandika mchezo wa nyimbo na vichekesho kuhusu maisha ya askari, uitwao No T.O. for Love, ulioonyeshwa kwa wanajeshi mwaka 1945. Huo ndio uliomfikisha kwa watu wa sanaa waliokuwa wamevaa sare za jeshi, hasa mwandishi na mwongozaji Garson Kanin, ambaye alimshirikisha katika filamu ya kumbukumbu ya vita iliyoitwa The True Glory.

Vita vilipokwisha alirudi New York na kufanya kazi kwa muda katika kiwanda cha uchapaji cha mjomba wake. Hadithi yake moja ilitumiwa na Hollywood katika filamu ya As Young as You Feel ya mwaka 1951, ambayo leo hukumbukwa zaidi kwa sababu Marilyn Monroe alikuwamo katika nafasi ndogo. Aliionja Hollywood mapema, na hakuipenda.

Kilichompa nafasi halisi ni televisheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 chombo hicho kilikuwa kipya, kina njaa ya kazi, na makao yake makuu yalikuwa New York, si California. Kila wiki vituo vilirusha michezo kamili ya saa moja, moja kwa moja kutoka studio. Waigizaji walikuwa wakikimbia kutoka seti moja hadi nyingine wakati wa matangazo ya biashara, wengine wakibadili nguo njiani. Aliyesahau maneno alisahau mbele ya mamilioni. Kumbukumbu pekee iliyobaki ilipatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni na kukirekodi, na ndiyo sababu picha za michezo hiyo zina ukungu ukizitazama leo.

Kipindi cha Philco Television Playhouse cha NBC kilikuwa chini ya mtayarishaji Fred Coe, ambaye alikuwa na imani isiyo ya kawaida: kwamba mwandishi ndiye mhimili wa mchezo. Coe aliwakusanya vijana, akawaachia waandike juu ya watu waliowafahamu, na akawaita mazoezini. Chayefsky alijifunza hapo kuwa mwandishi anaweza kukaa chumba kimoja na mwongozaji na waigizaji na kusikilizwa. Tabia hiyo hakuiacha tena.

Alichogundua ni kwamba kioo kile kidogo kilifaa zaidi mambo madogo. Mapambano ya farasi yalikuwa ya senema. Televisheni ilitaka uso wa mtu karibu, mezani, akijaribu kusema jambo linalomshinda. Katika Printer's Measure ya mwaka 1953 alikirudia kiwanda cha uchapaji na kumchora mpanga herufi mzee anayeona mashine ikija kuchukua kazi ya mikono yake. Katika The Mother ya 1954 ni mama mtu mzima anayetafuta kibarua cha kushona ili asiwe mzigo kwa binti yake.

Lakini mchezo uliobadili maisha yake ni Marty, uliorushwa Mei 24, 1953, Delbert Mann akiuongoza, huku Rod Steiger na Nancy Marchand wakicheza nafasi kuu. Wazo lilizaliwa wakati wa mazoezi ya mchezo mwingine katika ukumbi wa hoteli mjini New York, ukumbi ambao jioni ulitumiwa na watu wasio na wenza kwa dansi. Chayefsky aliona tangazo ukutani likiwasihi wasichana wasimkatae mwanamume anayewaomba kucheza, kwa kuwa wanaume nao wana hisia. Mwanzoni alifikiria kisa cha msichana. Baadaye akaona kisa cha mwanamume ndicho kisichosimuliwa.

Marty ni muuza nyama wa miaka 34, mtu wa Bronx mwenye asili ya Italia, mnene na asiye na sura ya kuvutia, anayeishi na mama yake. Ndugu zake wote wameoa na kuolewa, na wateja buchani humuuliza bila kuchoka lini zamu yake itafika. Jumamosi moja anakwenda dansini kwa kusukumwa na mama yake, anakutana na mwalimu wa shule ambaye naye ametelekezwa na mwanamume aliyekuja naye, na wanazungumza usiku mzima. Asubuhi marafiki zake wanamcheka kwamba msichana hana uzuri, na mama yake aliyekuwa akimshinikiza aoe anaanza kuogopa kuachwa. Hapo ndipo Marty anapaswa kuamua. Hakuna zaidi ya hayo, na hakukuhitajika zaidi.

Kampuni ya Harold Hecht na mwigizaji Burt Lancaster ilipotaka kuutengeneza kuwa filamu, Chayefsky hakuuza tu na kuondoka. Alihakikisha Delbert Mann, ambaye hakuwa ameongoza filamu hata moja, ndiye anayepewa kazi, na yeye mwenyewe akashiriki katika utengenezaji. Ernest Borgnine, aliyezoeleka katika nafasi za watu katili, alichukua nafasi ya Marty, na Betsy Blair akacheza mwalimu.

Filamu hiyo ya gharama ndogo, isiyo na rangi na yenye urefu wa takriban saa moja na nusu, ilitwaa Palme d'Or katika tamasha la Cannes la mwaka 1955, na mwaka uliofuata ikapata Oscar nne: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume na muswada. Ilipita miaka mingi kabla ya filamu nyingine kuunganisha Palme d'Or na Oscar ya filamu bora. Parasite ya Korea Kusini ilifanya hivyo katika tuzo za mwaka 2020, na Anora katika tuzo za mwaka 2025.

Mafanikio ya Marty yalikuja wakati televisheni yenyewe ikianza kubadilika. Uzalishaji ulikuwa ukihamia Los Angeles, vipindi vikirekodiwa kwenye filamu, na wadhamini wakitaka mfululizo wa hadithi nyepesi zenye wahusika wale wale kila wiki. Mwishoni mwa muongo huo mchezo wa moja kwa moja ulikuwa umekaribia kufa. Chayefsky aliondoka mapema, akaenda jukwaani. Middle of the Night, uliotokana na mchezo wake wa televisheni, ulifika Broadway mwaka 1956 ukiwa na Edward G. Robinson. The Tenth Man wa mwaka 1959, kuhusu wazee wa sinagogi wanaotaka kumtoa binti pepo, ulionyeshwa zaidi ya mara 600. Gideon ulifuata mwaka 1961. Kisha The Passion of Josef D., juu ya Stalin na mapinduzi ya Urusi, ambao aliuongoza mwenyewe, uliporomoka mwaka 1964.

Filamu zake za katikati hazilingani ubora. The Goddess ya mwaka 1958, juu ya nyota wa filamu anayeangamia, ilimpatia uteuzi wa Oscar. Paint Your Wagon ya mwaka 1969, ambamo jina lake linatajwa kwa kazi ya urekebishaji, haina dalili kubwa ya mkono wake na inaweza kurukwa.

The Americanization of Emily ya mwaka 1964 ni jambo jingine. James Garner anacheza ofisa wa jeshi la majini la Marekani mjini London kabla ya uvamizi wa Normandia, ambaye kazi yake ni kuwatafutia majenerali na maadmirali pombe, nyama na wanawake, na anayejitangaza hadharani kuwa mwoga. Hoja yake ni kwamba vita havidumishwi na watu wabaya pekee, bali pia na wajane na akina mama wanaoyapamba makaburi kwa fahari. Mtu aliyeandika hayo alikuwa amelipuliwa na bomu karibu na Aachen, kwa hiyo hakuweza kuambiwa hajui anachokisema. Garner na Julie Andrews, aliyecheza Emily, wote walipata kuitaja kuwa miongoni mwa kazi zao walizozipenda zaidi.

Mwongozaji wa filamu hiyo, Arthur Hiller, ndiye aliyeongoza pia The Hospital. Hapa Chayefsky wa miaka ya 1950, mpole kwa watu wa kawaida, amekwisha toweka. George C. Scott ni daktari mkuu aliyekata tamaa ya kuishi, katika hospitali kubwa ya New York ambamo watu wanakufa si kwa ugonjwa bali kwa kuchanganywa: huyu amelazwa kitanda cha yule, yule amepewa dawa ya huyu. Katikati ya vifo hivyo kuna karani anayezunguka wodini akiuliza namba za bima. Sauti ya msimulizi inayosikika mwanzoni ni ya Chayefsky mwenyewe. Oscar yake ya pili ilikuja mwaka 1972.

Kutoka hospitali aliigeukia taasisi aliyoijua kuliko zote. Alitembelea vyumba vya habari vya televisheni, akahudhuria mikutano, akasoma takwimu za watazamaji. Wakati huo Wamarekani walikuwa na mitandao mikubwa mitatu, ABC, CBS na NBC. Chayefsky akabuni wa nne, UBS, na kuuweka mkiani.

Katika Network, msomaji habari mkongwe Howard Beale anaambiwa kuwa ataondolewa baada ya wiki mbili kwa kuwa watazamaji wamepungua. Anatangaza hewani kwamba atajiua mbele ya kamera. Wakubwa wanashtuka, lakini asubuhi takwimu zinaonyesha watazamaji wameongezeka. Mkuu wa vipindi, Diana Christensen, anaona mtaji palipo na ugonjwa. Beale anarudishwa studio kama nabii wa hasira, akiwataka watu wafungue madirisha na kupiga kelele kwamba wamechoka, na kote nchini watu wanafungua madirisha. Idara ya habari inawekwa chini ya idara ya burudani. Kikundi cha wanamgambo kinapewa kipindi chake na kinabishana juu ya mgao wa mapato. Beale anapogusa maslahi ya wamiliki na takwimu zake kuanza kushuka, wakubwa wanaketi ofisini na kukubaliana auawe hewani.

Kinachowashangaza wengi ni utulivu wa kikao hicho cha mwisho. Hakuna anayepaza sauti. Wanazungumza kama watu wanaopanga ratiba ya vipindi, na kwa kweli ndicho wanachofanya. Sisi tunaoishi kwa kuandika habari, na ambao kila siku tunaletewa hesabu ya waliosoma habari ipi na kwa muda gani, hatuwezi kukitazama kikao hicho tukiwa tumekaa vizuri kwenye kiti.

Mwongozaji alikuwa Sidney Lumet, naye mtoto wa televisheni ya moja kwa moja ya New York. Kulikuwa na mazoezi kabla ya kupiga picha, kama jukwaani, na Chayefsky alikuwapo wakati wa utengenezaji akilinda kila neno. Lumet alisimulia katika kitabu chake Making Movies kwamba alithamini hasa sikio lake la vichekesho. Walipofika kwenye tukio la mume anayemwarifu mkewe kwamba ana mwanamke mwingine, na Chayefsky akataka kuingilia, Lumet alimzuia kwa kumkumbusha kuwa kuhusu talaka yeye alikuwa na uzoefu mkubwa zaidi. Mwandishi akakubali. Tukio hilo lilimpa Beatrice Straight Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa takriban dakika 5 tu za kuonekana katika filamu nzima.

Faye Dunaway alipata ya mwigizaji bora wa kike, na Peter Finch, aliyecheza Beale, ya mwigizaji bora wa kiume. Lakini Finch alikuwa amefariki dunia Januari 14, 1977, wiki kadhaa kabla ya sherehe, na akawa mwigizaji wa kwanza kupewa Oscar baada ya kifo. Iliandaliwa kuwa Chayefsky ampokelee. Alipopanda jukwaani alisema hapakuwa na sababu ya yeye kuwa pale, akamwita mjane wa marehemu, Eletha Finch, aje aichukue mwenyewe. Waandaaji hawakutaka hivyo.

Mwaka uliofuata alisimama kwenye jukwaa hilo hilo kwa kisa tofauti. Vanessa Redgrave, aliyeshinda kwa filamu ya Julia, alitumia hotuba yake kuwashambulia wanaharakati wa Kizayuni waliompinga kwa sababu ya filamu yake kuhusu Wapalestina. Chayefsky, aliyepangiwa kutangaza tuzo za uandishi, alimjibu kwamba ushindi wa Oscar si tukio la kubadili historia na kwamba kusema asante kungetosha. Wapo waliompigia makofi na wapo waliobaki kimya. Inafaa kukumbuka kuwa mwaka mmoja kabla yake ni yeye aliyekuwa amevuruga utaratibu wa sherehe.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa na mwisho mchungu. Altered States, riwaya yake pekee, ilitoka mwaka 1978, ikimhusu mwanasayansi anayejifungia ndani ya tangi la maji gizani na kutumia dawa za kulevya ili kufikia chanzo cha nafsi. Mwongozaji wa kwanza wa filamu yake, Arthur Penn, alijiondoa, na nafasi ikachukuliwa na Mwingereza Ken Russell, mtu wa picha za kustaajabisha na asiyezoea kusimamiwa na mwandishi.

Mkataba ulilinda maneno ya Chayefsky. Russell hakuyabadili. Aliwaacha waigizaji wayaseme kwa kasi, wakati mwingine kwa pamoja, wengine wakiwa na chakula mdomoni, kiasi kwamba hotuba ndefu za kisayansi zilipita kama upepo. Kwa hiyo maneno yote yapo katika filamu, na mwandishi hakuweza kudai kuwa mkataba umevunjwa. Wawili hao waligombana, Chayefsky akaondoka kwenye eneo la kazi, na filamu ilipotoka Desemba 1980 muswada ulitajwa kuwa wa Sidney Aaron. Hayo ni majina yake mawili ya kuzaliwa. Paddy Chayefsky hakuwamo.

Kuna wanaosema Russell aliiokoa filamu kutoka kwenye hotuba, na filamu ina wapenzi wake hadi leo, mmoja wa sababu akiwa William Hurt katika nafasi yake ya kwanza ya senema. Dai hilo si la kupuuzwa. Wahusika wa Chayefsky wa miaka ya mwisho huhutubia mno, wote kwa msamiati ule ule mpana, awe daktari, mwendesha vipindi au mwenye kampuni. Katika Network hotuba hizo zina mahali pake kwa kuwa televisheni yenyewe ni mimbari. Katika Altered States hazina.

Chayefsky alifariki dunia kwa saratani mjini New York Agosti 1, 1981, akiwa na umri wa miaka 58, na kuacha mjane, Susan, na mtoto wa kiume. Mwongozaji na mcheza dansi Bob Fosse, rafiki yake wa chakula cha mchana kwa miaka mingi, alicheza dansi fupi mazishini ili kutimiza ahadi waliyokuwa wamepeana.

Jumba la heshima la televisheni ya Marekani lilipofunguliwa mwaka 1984, kundi la kwanza la watu saba lilimjumuisha yeye pamoja na wamiliki wa mitandao aliyokuwa ameikejeli, William Paley wa CBS na David Sarnoff wa NBC. Filamu zake zote tatu zilizotwaa Oscar ya uandishi zimo katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 2011 Aaron Sorkin, akipokea Oscar ya uandishi kwa The Social Network, alianza hotuba yake kwa kumtaja Chayefsky. Network yenyewe ilifanywa mchezo wa jukwaani na Lee Hall, ikaonyeshwa National Theatre mjini London mwaka 2017 na Broadway kuanzia mwaka 2018, Bryan Cranston akicheza Beale.

Miswada, barua na madaftari yake vimehifadhiwa katika maktaba ya umma ya New York, kitengo cha sanaa za maonyesho kilichopo Lincoln Center.